Shangazi, nimchague drau mwenye adhabu ya ngazi mbili au nirudi na binadamu wa kawaida?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa kiume mwenye umri wa miaka 23, ninaishi Nyakato hapa Mwanza, na riziki yangu naipata kwa kutengeneza simu kwenye kibanda kidogo maeneo ya Makoroboi. Ninalokuandikia mama yangu amelisikia na kuliita utoto, lakini limewaondolea amani watu wanaopendana, ndiyo maana nimeona nilifikishe kwako.

Kila Jumamosi jioni tunakutana Kirumba, katika chumba cha nyuma cha duka la dada wa mmoja wetu, kucheza Dungeons & Dragons. Kwa wasioujua, huu ni mchezo wa mezani ambao kila mchezaji huigiza mhusika wake katika hadithi ya kubuni, na msimulizi mmoja huendesha dunia yote iliyobaki pamoja na maadui waliomo. Sisi tunafuata kanuni za toleo la 3.5, lililotoka mwaka 2003, kwa kuwa hivyo ndivyo vitabu alivyovipata kaka yangu mkubwa, ambaye pia ndiye msimulizi wetu. Wahusika tunawaandika kwenye daftari za hesabu zenye visanduku, maadui ni visoda vilivyogeuzwa, na dadu ya pande 20 tunayo moja tu inayozunguka meza nzima.

Mpiganaji wangu ameuawa, na kaka ameniambia nirudi na mhusika mpya mwenye thamani ya ngazi 7, sawa na wenzangu. (Ngazi ni kipimo cha uwezo wa mhusika, na hupanda kadiri anavyokusanya alama za uzoefu.) Rafiki yetu aliyekuwa akicheza mchawi alihamia Bukoba, kwa hiyo wote wanatarajia nafasi hiyo niijaze mimi. Mchawi sina shida naye. Tatizo ni kwamba ninamtaka mchawi ambaye ni drau.

Drau ni elfi wanaoishi chini ya ardhi. Wanaona gizani hadi futi 120, wana kinga ya kuzaliwa dhidi ya uchawi, na wepesi, akili na haiba yao vimeongezwa pointi mbili mbili, ingawa afya yao imepunguzwa mbili. Kwa sababu ya nguvu hizo kanuni zinawatoza ngazi mbili. Drau akihesabiwa kuwa wa ngazi 7, ngazi zake halisi katika fani ya uchawi ni 5 tu. Zile mbili nyingine zimeliwa na asili yake.

Vitabu vyetu vinasema drau wana ngozi nyeusi na kwamba wengi wao ni waovu. Meza yetu nzima ni watu weusi, na siku tuliposoma ukurasa ule tulicheka sana, kisha kicheko kikaniisha. Tangu siku hiyo ninamuwaza drau mmoja aliyewakimbia watu wake, anayeingia kila mji akiwa ameshahukumiwa kabla hajafungua mdomo. Mimi mwenyewe nililelewa kisiwani Ukara kabla ya kuletwa mjini kusoma, na ninajua ilivyo kufika mahali ambapo watu wameshaamua wewe ni nani.

Dada anayecheza kasisi, rafiki yangu tangu sekondari, hakulipokea vizuri. Alisema, "Wewe unataka kung'ara, halafu sisi ndio tukubebe." Jamaa mwingine, anayetoka Sengerema kila Jumamosi, ananishawishi niachane na uchawi nimchukue mpiganaji nusu-joka, mwenye nyongeza ya nguvu ya pointi 8, ingawa huyo anatozwa ngazi tatu. Kaka naye amejitolea kutumia kanuni ya hiari iliyochapishwa mwaka 2004, inayomruhusu mchezaji kuilipa adhabu hiyo kidogo kidogo kwa alama zake za uzoefu. Alipoitaja tu, ukasikika mezani mguno wa "undugu", na Jumamosi iliyopita hatukucheza kabisa. Tulibishana mpaka duka likafungwa.

Hadithi yetu inatarajiwa kuisha Desemba, kwa kuwa kaka anahamia Geita kikazi. Je, Shangazi, nimshikilie drau wangu, nirudi na binadamu ili amani irudi, au nifuate ushauri wa nusu-joka? Na msaada wa kaka niupokee au niukatae?

Mwenye Dadu Moja, Nyakato

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu,

Kwanza, mwambie mama yako kwa heshima kwamba watu wazima hugombana kwa mambo madogo kuliko haya, na sisi hatuyaiti utoto. Pili, usishangae kwamba ninaielewa barua yako bila kutafsiriwa. Nyumbani kwangu wamepita vijana wa kila aina, na baadhi yao waliiacha meza yangu ya chakula imejaa dadu.

Nikikusoma vizuri, unaniuliza kuhusu nani mwenye nguvu zaidi, lakini ndani ya swali hilo kuna mambo mengine mawili. Unataka kumsimulia mtu fulani ambaye kwako ana maana, na unahofia kwamba kumsimulia kutaonekana kama kiburi mbele ya rafiki unayemheshimu. Haya nitayarudia, lakini tuanze na hesabu, kwa sababu naona ninyi nyote mezani mnabishana kuhusu adhabu ya ngazi bila kuangalia inamuuma nani, na wapi.

Adhabu hii haina uzito mmoja kwa kila fani. Mchawi huishi kwa ngazi zake. Binadamu mchawi wa ngazi 7 ameshaingia daraja la nne la uchawi, ambako kuna ule wa kujihamisha ghafla pamoja na wenzako kutoka kwenye hatari. Drau wako mwenye ngazi 5 ndiyo kwanza ameanza daraja la tatu. Tufe la moto wote wawili wanalo, ila yeye atalirusha kwa dadu tano za pande 6, na binadamu kwa dadu saba. Akili iliyoongezwa pointi mbili itafanya uchawi wake uwe mgumu zaidi kukwepwa, lakini kwa pointi moja tu, na hiyo haizibi pengo la daraja zima.

Sasa tazama alama za uhai, yaani majeraha ambayo mhusika anaweza kuyahimili kabla ya kuanguka, maana hapa ndipo ninapokuomba utulie. Mchawi hupata dadu ya pande 4 kwa kila ngazi. Tukichukua wastani, na tukimpa kila mmoja afya ya 10 kabla ya asili kuhesabiwa, binadamu wa ngazi 7 atakuwa na alama 19 hivi. Drau ana ngazi 5, na kwa afya yake iliyopunguzwa atakatwa alama moja katika kila ngazi, kwa hiyo atabaki na kama 9. Adui mchawi wa ngazi 7 akiwarushia tufe la moto, na wote wawili wakabahatika kulipokea nusu tu, wastani wa nusu hiyo ni alama 12. Binadamu atasimama na 7. Drau ataanguka chini akiwa na 3 chini ya sifuri, amezimia, akielekea ile 10 chini ya sifuri ambapo mhusika hufa.

Utaniambia drau ana kinga, na ni kweli. Kinga yake ni 11 ukijumlisha ngazi zake za fani, yaani 16. Adui huyo wa ngazi 7 lazima arushe 9 au zaidi kwenye dadu ya pande 20 ili uchawi wake upenye, kwa hiyo mara nane katika kila ishirini utamgonga drau na kupotea bure. Si kitu cha kudharau. Lakini mwanangu, kinga hiyo haichagui mkono unaoleta uchawi. Rafiki yako kasisi akitaka kukuponya naye atairusha dadu ile ile mnayoigombea, akiitafuta 9 hiyo hiyo. Ukiwa macho unaweza kuishusha kinga, ila utatumia kitendo kikuu cha zamu yako, na itakaa chini hadi zamu yako inayofuata tu, huku adui naye akikuona uko wazi. Ukiwa umezimia, huwezi kuishusha kabisa.

Ndiyo maana nisingependa uyasikie maneno ya dada huyo kama wivu. Yawezekana alizungumza kwa ukali, na neno "kung'ara" lilikuuma. Lakini kati ya watu wote mezani yeye ndiye atakayelipa sehemu ya bei ya drau wako, kwa sababu ndiye atakayepiga magoti kando ya mwili wako huku uponyaji wake ukiweza kupotea bure mara nane katika ishirini. Je, umewahi kumuuliza aliposema "tukubebe" alikuwa anafikiria nini hasa? Nahisi amekisoma kitabu vizuri kuliko mnavyomdhania.

Kuhusu nusu-joka, jamaa wa Sengerema hakukosea hesabu. Mpiganaji haathiriki sana kama mchawi, kwa sababu nguvu za asili zinaingia moja kwa moja katika kazi yake. Nusu-joka mwenye ngazi 4 za upiganaji, kwa ile nyongeza ya nguvu ya pointi 8, analenga vizuri kuliko alivyolenga marehemu mpiganaji wako wa ngazi 7, na ana ngozi ngumu pamoja na pumzi ya kuunguza mara moja kwa siku. Anachokosa ni pigo la pili ambalo binadamu wa ngazi 7 ameshalipata, na alama kadhaa za uhai. Mezani angefaa. Lakini katika barua yako yote sikuona hata sentensi moja inayoonyesha kwamba unamtaka, na kundi litabaki bila mchawi vilevile.

Niruhusu niguse historia kidogo, kwa sababu huenda ikakupunguzia hisia kwamba ni wewe pekee unayeleta ugumu. Swali hili limewasumbua waandishi wa mchezo tangu ulipotoka mwaka 1974. Kanuni za mwanzo ziliweka dari: mbilikimo mpiganaji alikomea ngazi ya 6, wakati binadamu aliendelea kupanda. Toleo la mwaka 2000 liliondoa dari hizo na kuwatoza mapema wenye asili zenye nguvu, ndiyo hii adhabu mnayobishania. Toleo la 2008 liliachana nayo, na la 2014 linamruhusu mtu kuanza na drau bila kutozwa hata ngazi moja, ila akiwa kwenye jua kali analenga kwa shida. Sipendekezi mhamie toleo jingine katikati ya hadithi, maana kila daftari lingeandikwa upya na vitabu kutafutwa upya, na muda wenu ni hadi Desemba tu. Ninachotaka uone ni kwamba hata waliotunga bei hii waliibadilisha mara kadhaa, kwa hiyo kuijadili si dharau kwa mtu yeyote.

Sasa tuje kwa kaka yako na kanuni yake ya hiari, kwa sababu ndiyo iliyowasha moto. Kuna sababu nzuri ya kanuni hiyo kuwepo: adhabu hukaa vilevile siku zote, ilhali pointi mbili za akili na uchawi mdogo ambao drau huzaliwa nao huzidi kupungua thamani kadiri kundi linavyopanda. Mhusika wa namna hii ni kama mvuvi wa Igombe aliyechukua mashine ya mtumbwi kwa mkopo: anawahi mbali kuliko wenye kasia, lakini kila mauzo hupita kwanza kwa mwenye deni. Kanuni ya 2004 inaruhusu deni liishe.

Ila angalia ratiba ya malipo. Kwa adhabu ya ngazi mbili, malipo ya kwanza yanaruhusiwa ukifikisha ngazi 6 za fani. Wewe utaanza na alama 21,000 za uzoefu na ngazi 5. Ukifika 28,000 utapata ngazi ya 6, utalipa 7,000, na utarudi 21,000 ukiwa umefuta nusu ya adhabu, wakati wenzako wanasonga mbele katika ngazi ya 8. Malipo ya pili, ya alama 9,000, yanangoja hadi ngazi 9 za fani. Aliye nyuma hupata alama nyingi zaidi kwa adui yule yule, kwa hiyo pengo hupungua lenyewe taratibu, lakini vitabu vyenu vinakadiria mapambano kama 13 kwa kila ngazi. Wewe unajua mnamaliza mapambano mangapi kwa Jumamosi moja, hasa umeme unapokatika. Hesabu hadi Desemba, kwa kalamu, kabla hamjagombana kuhusu upendeleo ambao pengine usingewahi kufika kwenye malipo ya pili.

Na je, ni upendeleo? Kanuni imechapishwa, na mlipaji analipa kwa jasho lake. Hata hivyo nawaelewa walioguna, kwa sababu ilitolewa na kaka kwa mdogo wake, siku mdogo huyo alipoihitaji. Msaada huo huo ungesikika tofauti kama kaka yako angeutangaza kuwa uko wazi kwa yeyote anayetaka kubadilisha mhusika, kisha akaliacha kundi liamue wewe ukiwa nje unanunua maji. Kuna hatari pia ya kukataa: ukiukataa ili tu uonekane huna upendeleo, utacheza hadi Desemba ukiwa nyuma ya wenzako kwa ngazi mbili, na sina uhakika kwamba moyo wako utabaki mweupe.

Nimeliacha la mwisho lile lililonigusa. Unaposema unamtaka drau, unataka kinga ya 16 na macho ya gizani, au unamtaka yule aliyekimbia kwao? Barua yako inazungumzia nguvu kwa sentensi mbili tatu, na inazungumzia mlango wa mji usiomkaribisha kwa namna ambayo nilisimama kusoma. Kama unachokitafuta ni mtu huyo, kuna njia ambayo sijaona mkiijadili. Kaka yako, akiwa msimulizi, ana uwezo wa kukubali drau aliyezaliwa bila nguvu zile: anatumia takwimu za elfi wa kawaida, ambaye hatozwi ngazi hata moja, lakini ngozi, historia, na woga wa watu wanaomwona vinabaki vya drau. Angekuwa mchawi kamili wa ngazi 7, na kasisi angemponya bila kuitafuta 9 yoyote.

Njia hiyo nayo ina kasoro zake, na sitazificha. Waweza kuhisi umepewa drau wa jina tu. Kile kinachomfanya apofuke kwa zamu moja anapotoka ghafla juani, kisha aendelee kulenga kwa tabu, ni sehemu ya masaibu yake, na huenda ungependa kubaki nacho hata ukiziacha nguvu. Hilo laweza kuzungumzwa. Mwenzako mwingine pia anaweza kuuliza kwa nini kitabu kibadilishwe kwa ajili yako, na itabidi umweleze ulichonieleza mimi, habari za Ukara zikiwemo, jambo ambalo naona hujalifanya. Wenzako wamesikia "ninamtaka drau" na wakafungua jedwali la nguvu. Hawajasikia kwa nini.

Upande wa pili, kama ukijichunguza ukakuta kwamba kinga ile na macho yale unayapenda kwa kweli, usione haya. Watu hucheza pia ili wawe na kitu ambacho wengine hawana, na mchezo umeshakiwekea bei. Basi ulipe ukijua unacholipa: kaa nyuma ya mstari, weka akiba ya dawa za kunywa, na ukubaliane mapema na kasisi lini utaishusha kinga yako na lini hutaishusha. Drau anayelindwa hivyo anaweza kuishi. Binadamu naye si adhabu. Tatizo lake pekee ni kwamba umemtaja kama mtu wa kuleta amani, na mhusika aliyechaguliwa kwa kunung'unika huwa hachezwi vizuri.

Kabla ya Jumamosi ijayo, chukua daftari lako uwaandike wote, drau mwenye ngazi 5 na yule wa takwimu za elfi, kila mmoja ukurasa wake. Mpelekee dada huyo kwanza, peke yake, umuulize angependa kumponya yupi na kwa nini, na umsikilize mpaka amalize. Kisha mwombe kaka yako awape pambano dogo la majaribio lisilohesabiwa katika hadithi, na wote wawili wapite mezani. Nitafurahi ukiniandikia yaliyojiri, na tafadhali usisahau kuniambia kama jamaa wa Sengerema bado anakazania nusu-joka.

Wako,
Shangazi